Tui Ndani ya Mafuta

Watu wa pwani husema kwamba mafuta na maji hayachangamani, na mshairi anayetaka kueleza wawili wasiopatana hana haja ya kutafuta tashbihi nyingine. Usemi huo ni wa kweli katika bakuli na katika chungu. Si wa kweli ndani ya mashine ya boti. Humo, mahali ambapo mafuta husukumwa na meno ya pampu kupitia vijia vyembamba, maji yakipenya huchapwa pamoja na mafuta hata yakawa kitu kimoja, kitu cheupe kizito mfano wa tui la kwanza. Fundi afunguaye kizibo cha kitangi na kuliona tui hilo huwa amekwisha kuyajua maradhi. Lililobaki kwake ni kuujua mlango yalipoingilia.

Sehemu hiyo ya mashine mafundi huiita trimu. Ni mtambo mdogo wa haidroliki ulioshikizwa shetrini, na kazi yake ni kuinua na kushusha mashine nzima: kidogo, ili boti ilale vizuri juu ya maji wakati wa mwendo, au sana, ili rafadha itoke majini kabisa. Aliyekulia katika ngalawa yenye mashine ya nguvu farasi 15 huenda hajapata kuujua, kwani mashine kama hiyo huinuliwa kwa mkono. Lakini mashine kubwa za siku hizi, zile zinazosukuma boti za doria, za wageni na za wagonjwa, nyingine huzidi uzito wa kilo 200, wala hakuna baharia wa kuzinyanyua peke yake.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mafundi peke yao. Katika bahari ya Unguja bamvua hupandisha na kushusha maji kiasi cha mita nne, na pale palipokuwa na kina asubuhi huwa mwamba mtupu alasiri. Boti inayomchukua mgonjwa kutoka Tumbatu kwenda Mkokotoni wakati maji yametoka haina budi kuinua rafadha yake ipite juu ya matumbawe. Kidole kikibonyeza swichi na mashine isiinuke, nahodha ana njia mbili tu, kungoja maji au kuvunja rafadha. Mgonjwa ana njia moja.

Ili kufahamu kwa nini maji ni adui mkubwa kiasi hicho wa mtambo huu, yafaa kwanza kukumbuka kwamba hapo kale maji hayakuwa adui wa chombo kwa namna hiyo. Mtepe, chombo kile kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, ulivuja, na kila aliyeupanda alijua kwamba unavuja. Mbao zake zilicheza, kamba zake zilitanuka, na kwa sababu hiyo hiyo uliweza kugonga mchanga na mwamba bila kupasuka. Maji yaliyoingia yalikuwa na mahali pake, nayo ni ngama, na yalikuwa na mtu wake, yule mwenye upo mkononi akiyafua mchana na usiku. Majahazi yaliyokuja na misumari yaliupunguza mvujo lakini hayakuuondoa. Palikuwa na kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta na kusindiliwa baina ya mbao, palikuwa na sifa itokanayo na ini la papa, ambayo harufu yake hakuna aliyewahi kuisahau, na palikuwa na deheni ya shahamu na chokaa iliyopakwa chini ya chombo. Mafuta yalikuwa nje na maji yalikuwa nje, na mafuta yakimlinda mwenyeji dhidi ya mgeni. Hata lugha ililipanga jambo hilo barabara: ngama, upo, kufua, kalafati, deheni. Hakuna tone lililoingia chomboni ambalo halikuwa na jina la mahali lilipoketi na jina la kitu cha kulitolea.

Mtambo wa trimu ulizaliwa kwingine, na nasaba yake ni ya ajabu, kwa sababu damu yake ya kwanza ilikuwa ni maji yenyewe.

Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, aliacha maandishi juu ya uzani wa vimiminika yaliyochapishwa mwaka mmoja baada ya kifo chake. Humo alionyesha kwamba kimiminika kilichofungiwa kikibanwa mahali pamoja, nguvu ya mbano huo huenea sawasawa kila upande. Basi ukiwa na mrija mwembamba na mrija mpana vilivyounganishwa, mtu mmoja akisukuma kwenye mwembamba ataweza kushindana na watu mia wanaosukuma kwenye mpana. Lilikuwa neno zuri katika karatasi. Kwa zaidi ya miaka mia hakuna aliyeligeuza kuwa mashine ya kutegemewa, na sababu yake ndiyo ile ile inayomsumbua fundi wa leo. Kitu kinachosogea ndani ya kitu kingine lazima kiache nafasi, na penye nafasi kimiminika hupita.

Aliyeifungua njia ni Joseph Bramah, mzaliwa wa Yorkshire huko Uingereza mwaka 1748, seremala aliyehamia London na kuwa fundi wa makufuli. Maisha ya mtu huyu yalizunguka jambo moja, nalo ni kuzuia. Mwaka 1778 alipata hataza ya choo cha maji chenye vali iliyofunga vizuri kuliko zilizotangulia. Kufuli lake aliliweka katika dirisha la duka lake pamoja na tangazo la zawadi kwa atakayeweza kulifungua bila ufunguo, na halikufunguliwa hata mwaka 1851, miaka mingi baada ya kifo chake, alipokuja Mmarekani Alfred Charles Hobbs na kulishughulikia kwa saa zaidi ya 50. Na mwaka 1795 Bramah alipata hataza ya shinikizo la maji.

Neno shinikizo linastahili kusimamiwa kidogo. Kabla halijatumiwa na walimu wa fizikia, Waswahili walilijua kuwa ni kinu cha kukamulia ufuta na nazi, kile kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho akitembea duara siku nzima. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaposikia kwamba Bramah alitengeneza shinikizo, haelezwi kitu kigeni. Tofauti ni kwamba ngamia wa Bramah alikuwa ni maji, nayo hayakuchoka wala hayakuhitaji kufungwa macho. Pampu ndogo ya mkono ilisukuma maji kidogo kidogo chini ya pistoni nene, na pistoni ikapanda kwa nguvu ambayo hapakuwa na mwanadamu wa kuipinga.

Ila ilivuja. Ukiikaza pistoni isivuje ilikwama isirudi, na ukiilegeza irudi ilivuja. Yasemekana, na hivyo ndivyo alivyoandika James Nasmyth aliyefanya kazi katika karakana ya Maudslay baadaye, kwamba aliyelikata shauri hilo ni kijana aliyekuwa ameajiriwa na Bramah, Henry Maudslay. Wapo waliotaja majina mengine, na ugomvi wa nani alikuwa wa kwanza ni desturi ya historia za mafundi. Dawa yenyewe ilikuwa ni pete ya ngozi iliyokunjwa mfano wa kikombe, midomo yake ikiwa imeelekea upande wa maji. Maji yakipata nguvu huisukuma midomo ya ngozi ikabane kuta, na kadiri nguvu inavyozidi ndivyo ngozi inavyozidi kubana. Nguvu ikitoka, ngozi hulegea na pistoni hurudi bila taabu. Kile kilichotaka kutoroka ndicho kilichoajiriwa kuwa mlinzi wa mlango. Ni vigumu kupata katika historia ya ufundi wazo dogo kuliko hilo lililozaa makubwa kuliko hayo. Maudslay alikuwa akilipwa shilingi 30 kwa wiki, na mwaka 1797 alipoomba nyongeza akanyimwa, aliondoka na kufungua karakana yake mwenyewe. Leo wanahistoria wa mashine humtaja mwanafunzi huyo kwa heshima isiyopungua ya bwana wake.

Karne nzima iliyofuata ilikuwa karne ya maji. Mwaka 1846 William Armstrong alisimamisha winchi ya maji kwenye gati ya Newcastle, na kutoka hapo mitambo ya namna hiyo ikaenea bandarini, migodini na kwenye malango ya vizimba vya meli. Jahazi la chuma la Isambard Kingdom Brunel, Great Eastern, lenye urefu wa mita 211, lilipogoma kushuka majini kwenye ukingo wa mto Thames tarehe 3 Novemba 1857, lilisukumwa ubavu ubavu kwa mashinikizo ya maji, mengine yakipasuka kwa nguvu iliyotakiwa, hata likaelea tarehe 31 Januari 1858. Kuna kichekesho cha aina yake hapo: meli iliyoogopa maji ikisukumwa majini na maji. London ilikuwa na kampuni iliyouza nguvu ya maji kwa mabomba yaliyolazwa chini ya barabara, kwa urefu uliofika zaidi ya kilomita 250, na kampuni hiyo ilianza mwaka 1883 isifungwe mpaka mwaka 1977. Daraja la Tower, lililofunguliwa mwaka 1894, liliinua mikono yake miwili kwa maji yaliyosukumwa na mvuke, hata katika miaka ya 1970 mtambo wake ulipobadilishwa ukawa wa mafuta na umeme.

Maji yalikuwa mtumishi mwema mwenye aibu tatu. Katika nchi za baridi yaliganda na kupasua mabomba. Yalitia kutu kila chuma. Na hayakulainisha chochote, kwa hiyo vyuma vilivyosuguana ndani yake vililika. Mafuta hayana aibu hizo. Katika mwaka 1906 manowari ya Marekani iitwayo Virginia ilifungwa mtambo wa kugeuza na kuinua mizinga uliotumia mafuta badala ya maji, kazi ya Reynold Janney na Harvey Williams, na waandishi wa historia ya haidroliki wengi wao huihesabu hiyo kuwa ndiyo siku mafuta yalipokalia kiti. Neno haidroliki lenyewe, ambalo mzizi wake wa Kiyunani ni maji, lilibaki. Nyumba ikawa na jina la mwenyeji aliyefukuzwa. Na tangu hapo maji hayajaacha kugonga mlango yakitaka kurudi.

Mashine ya kupachika shetrini ilikuja karibu wakati huo huo. Cameron Waterman alikuwa akiuza zake Marekani kuanzia mwaka 1905 hivi, lakini aliyeifanya kuwa chombo cha watu wote ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Wisconsin, aliyeanza kuuza mashine zake mwaka 1909. Hadithi mashuhuri yasema kwamba alipata fikra hiyo siku ya joto kali, alipopiga makasia kuvuka ziwa kumletea mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka njiani. Pengine ni kweli, na pengine ni simulizi iliyopambwa. Mashairi ya mapenzi yana mambo mazito kuliko hayo. Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa ndogo na ziliinuliwa kwa mkono. Zilipokua, mkono ukashindwa. Mwaka 1959 kampuni ya Volvo Penta ilitoa mashine ya Aquamatic, ambayo injini yake imekaa ndani ya boti na mguu wake uko nje, kwa fikra ya Mmarekani Jim Wynne, na katika miongo iliyofuata nguvu ya haidroliki ikawekwa kwenye miguu hiyo na kwenye mashine kubwa za kupachika. Hivyo ndivyo shinikizo la Bramah lilivyoshuka kutoka gatini likaja kuning'inia nyuma ya boti, dogo lenye kutosha kubebwa kwa mkono mmoja.

Ngozi haikufika nayo. Nafasi yake ilichukuliwa na mpira, na hasa na pete ya mviringo ambayo mafundi wetu huiita oringi. Hataza yake nchini Marekani ilitolewa mwaka 1939 kwa Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark mwaka 1865, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Pete hiyo hulazwa katika mfereji uliochimbwa kwa kipimo maalumu, na mafuta yakisukuma huibana dhidi ya ukuta wa mfereji. Vita vikuu vya pili viliieneza katika ndege na mizinga, kisha ikaingia kila mahali. Ni kitu cha senti chache. Kikichakaa, mtambo wa maelfu husimama.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mota ndogo ya umeme wa volti 12, inayoweza kuzunguka mbele na nyuma, huigeuza pampu ya meno. Ikizunguka upande mmoja mafuta huingia chini ya pistoni na mashine hupanda; ikizunguka upande wa pili mafuta huingia juu ya pistoni na mashine hushuka. Kuna vali za kuzuia mafuta yasirudi yenyewe, kuna skrubu ya kufungulia kwa mkono wakati umeme umekufa, na kuna kitangi cha mafuta chenye kizibo. Rodi ya chuma inayong'aa hutoka na kuingia katika silinda kupitia sili, ambayo ni kitukuu wa ile ngozi ya Maudslay, nayo ina midomo iliyoelekea ndani.

Hapo ndipo kilipo kiini cha mambo. Ngozi ya Maudslay ilitengenezwa kuzuia kitu chenye nguvu kisitoke. Haikutengenezwa kuzuia bahari isiingie. Mtambo ukifanya kazi, mafuta yana nguvu nyingi na midomo hubana; bahari haipiti. Mtambo ukipumzika, midomo hulegea. Basi mashine iliyochemka juani ikishushwa katika maji ya baridi, hewa na mafuta yaliyomo ndani hupungua kiasi, na upungufu huo huvuta kutoka nje chochote kilichopo. Kilichopo ni maji ya chumvi. Watengenezaji wanalijua jambo hilo, na kwa ajili yake huongeza mdomo mwingine ulioelekea nje wa kufuta rodi inapoingia. Lakini mdomo huo ni mwembamba. Rodi iliyoachwa nje siku nyingi, mashine ikiwa imeinuliwa pwani, hukaukiwa na chumvi, na chumvi huitoboa vitobo vidogo kuliko ncha ya sindano. Siku rodi inaporudi ndani, kila kitobo huukata mdomo kama msumeno, na kila kitobo huchukua tone lake la bahari. Milango mingine ipo pia: oringi ya kizibo iliyokauka, kizibo kilichofungwa na mtu mwenye haraka, maungio ya mota na pampu, mipira ya kupitishia mafuta iliyopasuka.

Maji yakishaingia hayatulii chini kama yafanyavyo katika ngama. Pampu huyachapa. Mafuta huweza kuyeyusha ndani yake maji kidogo sana bila kubadilika rangi, na yakizidi hapo huwa tui. Kwa mafuta yale mekundu tui hilo huwa na rangi ya waridi iliyopauka. Tui halilainishi vyuma inavyotakiwa. Meno ya pampu husagana, kutu huota katika vali, chembe za kutu huzuia vali zisifunge, na mashine iliyoinuliwa jioni hukutwa imeshuka asubuhi bila ya mtu kuigusa.

Dalili hizo zina hila, kwa kuwa nyingi hufanana na dalili za maradhi mengine. Mashine kupanda polepole kwaweza kuwa ni betri dhaifu au waya ulioliwa na chumvi. Mota kuvuma pasipo mashine kuinuka kwaweza kuwa ni skrubu ya mkono iliyoachwa wazi. Kwa hiyo fundi mwenye busara huanza na umeme, kisha skrubu, ndipo afikie mafuta. Asiye na subira huanza na kopo. Huona mtambo ni mzito, akafungua kizibo, akaongeza mafuta, mashine ikapanda siku mbili, naye akaitwa hodari. Kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kipimo cha mafuta ndicho shahidi wa kwanza wa kesi. Mafuta yakipungua na juu ya maji ya bahari pakaonekana utando wenye rangi za upinde wa mvua, mafuta yanatoka. Yakiwa yamezidi bila ya mtu kuongeza, bahari imeingia. Anayemimina kopo kabla ya kutazama amemuua shahidi.

Kabla ya kufungua, mashine huinuliwa mpaka juu kabisa na kuegemezwa kwenye mhimili wake wa chuma, kwani chuma cha kilo 200 kikianguka juu ya mkono hakina msamaha. Mafuta hupimwa katika hali hiyo, rodi zikiwa nje, na kizibo hulegezwa taratibu ili nguvu iliyobaki itoke kwanza. Kisha mafuta machache hutiwa katika gilasi safi na kuachwa. Gilasi hii ndiyo mahakama ya trimu. Mafuta yaliyochanganyika na hewa nayo huwa meupe, na wengi wamebadilisha sili nzima kwa ajili ya povu tu. Lakini povu hupanda juu na kufa, na mafuta hurudi kung'aa kabla ya muda mrefu kupita. Tui halifi upesi. Laweza kukaa hivyo usiku kucha, au likakatika asubuhi na kuacha tabaka la maji chini. Mwenye haraka hudondosha tone moja juu ya bati lililochomwa moto kupita joto la maji kuchemka, akiwa amejikinga macho. Mafuta safi hutulia na kutoa moshi mwembamba, ilhali mafuta yenye maji hulia na kurukaruka, kama kitunguu kilichooshwa kinapotupwa kaangoni. Mpishi yeyote wa pwani angeweza kutoa hukumu hiyo.

Tiba inataka uvumilivu. Kumwaga kitangi hakutoshi, maana mafuta mengi hayamo kitangini bali katika silinda na njia zake. Hutiwa mafuta mapya ya aina iliyotajwa na mtengenezaji, mashine hupandishwa na kushushwa mara kadhaa, mafuta hutolewa, hutiwa mengine, na hivyo hivyo mara mbili au tatu, mpaka gilasi ya mwisho iwe safi kama ya kwanza iliyotoka koponi. Kupandisha na kushusha huko ndiko pia kunakotoa hewa iliyonaswa. Na mafuta machafu hayo yote yahitaji kopo la kuyapokea. Yule anayeyamimina pembeni mwa ngazi ya gati, kwa hoja kwamba bahari ni kubwa, atayakuta katika wavu wa jirani yake.

Kusafisha mafuta bila ya kuutafuta mlango ni kufua maji huku mbao ikiwa wazi, na baharia wa mtepe angalau hakujidanganya kwamba amemaliza. Fundi hupitisha ukucha juu ya rodi, polepole, kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama, pale ndipo penye kitobo, na sili mpya itakayowekwa juu ya rodi hiyo itakatwa kama ile iliyotangulia. Rodi lazima ibadilishwe, na hapo ndipo mabishano baina ya fundi na mwenye boti yanapoanza, kwa sababu sili ni ya senti chache, na rodi huagizwa kutoka mbali na mvuvi au hospitali lazima ingoje. Hoja ya mwenye boti huwa ni kwamba mashine inapanda. Ni kweli, inapanda leo. Fundi anayekubali kuifunga hivyo ili asikose ujira si mwizi, lakini amemkopesha nahodha safari asiyojua siku ya kuilipa.

Lugha inayotumika katika mabishano hayo nayo ina historia. Neno bomba lilitufikia kutoka kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa ni pampu. Kalafati ilipita katika vinywa vya mabaharia wa Kiarabu na wa bahari ya kati kabla ya kufika kwetu, hata haijulikani tena nani alimfundisha nani. Sili, oringi, trimu, haya yanaingia kwa mlango ule ule, kutoka gereji, yakiwa bado na uvundo wa mafuta. Wapo wanaoyachukia. Lakini babu wa wanaoyachukia huenda aliitamka kalafati bila ya haya yoyote, na lugha iliyokuwa na jina la kila tone ndani ya chombo haiwezi kukataa majina ya matone mapya. La kusikitisha zaidi si kwamba majina ni ya kigeni. Ni kwamba vitabu vya mashine hizi vinakuja kwa lugha za watu wengine, na ujuzi wa gilasi, wa bati la moto na wa ukucha juu ya rodi unapita kwa mdomo, kwa mwanafunzi aliyekuwepo siku ile. Asiyekuwepo hubaki na kopo.

Mtepe wa mwisho wa kazi ulitoweka katika karne ya 20 na maarifa ya kuushona yakapungua kwa namna hiyo hiyo, kwa kutokuwepo. Mfano wake uliojengwa Unguja mwaka 2003 uliwekwa katika Beit el Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka mwezi Desemba 2020.

Mafundi wa gatini wana desturi moja ambayo haimo kitabuni. Boti ikirudi, kabla ya kuinua mashine, hummwagia rodi maji ya kisima, kibuyu kimoja au viwili, na kuzifuta kwa kitambaa. Boti ikikaa juu ya magogo kwa siku nyingi huishusha mashine, ili rodi zilale ndani ya mafuta, mbali na jua na chumvi. Ikikaa majini huiinua, kwa kuwa rafadha huota magamba, na rodi hubaki nje. Basi hapo hazina kinga isipokuwa kile kibuyu, kila jioni, na yule anayekumbuka kukimimina.